Mwenye Sherehe Hunywa Kwanza

Wapo watu huambiwa samehe, nao husamehe na kulala usingizi. Mimi si mmoja wao. Nilimbeba mtu mmoja kifuani kwa miaka kumi na miwili, na siku nilipomtua nilimtua mbele za watu, kwa glasi moja ya mvinyo mwekundu wa Kitaliano. Ulikuwa mvinyo mzuri kuliko wowote niliowahi kuuza. Nalisema hilo mapema kwa sababu hapa Geita kuna watu wameisikia habari hii nusunusu, nao husema nilimtilia kitu. Sikumtilia kitu. Ningetaka kumtilia kitu ningekitia, na ningesema.

Mambo yalianzia Kahama, Nyahanga, kwenye hoteli nilikokuwa mhudumu wa meza. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu. Mwenye hoteli alikuwa ametajirika kwenye maduara, kama tunavyoyaita mashimo ya wachimbaji wadogo, kisha akajenga ghorofa moja na kuanza kuvaa suti hata saa saba mchana. Wageni wetu wengi walikuwa mafundi wa migodini. Mmoja wao, Mtaliano wa kuchoronga miamba, alikaa nasi miezi minane. Bia hakunywa. Alikuja na chupa zake, za zabibu za shamba la kaka yake huko Toscana, zabibu ya aina moja tu iitwayo sangiovese, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kunywa naye, akaamua kunifundisha mimi.

Mara ya kwanza nilitema kwenye sinki. Niliona kama chai ya rangi iliyolala jikoni siku mbili. Mimi nilijua divai tamu, ile ambayo watu huiongezea hata soda, na kinywaji kikali cha kukausha ulimi nilikihesabu kimeharibika. Yule mzee wa Kitaliano alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia nile kwanza kipande cha nyama choma chenye mafuta, halafu ninywe tena. Nikala, nikanywa. Uchachu ukakata yale mafuta, mate yakajaa mdomoni, na nyuma ya ule ukakasi nikaonja kitu kama furu zilizoiva sana, zile tulizookota porini utotoni mpaka meno yakawa meusi. Nilishangaa. Nilidai kipande kingine cha nyama.

Kuanzia hapo akawa ananifundisha kila Jumamosi mchana, ukumbi ukiwa mtupu. Zabibu ileile moja, alisema, hutoa mvinyo mwepesi wa kunywa na chakula cha kila siku, na hutoa pia mvinyo mzito unaolazwa miaka kwenye mapipa kabla haujauzwa. Alinifundisha kwamba chupa hulazwa gizani, haisimamishwi. Kwamba mvinyo wa namna ile ufunguliwe saa kadhaa kabla, upate hewa. Na zaidi ya yote, usiugandishe, kwa sababu baridi huuamsha ukakasi wote na kuulaza utamu. Somo hilo la mwisho ndilo nililolitumia baadaye, na sijui kama angependa kujua nililitumia wapi.

Baba yangu, huko Tinde, alikuwa mzee wa kanisa lisilogusa pombe. Nyumbani kwetu hata togwa ilinuswa kwanza. Baba alijua nahudumia chakula tu. Nilijiambia kuonja ni kazi kama kazi nyingine, na mpaka leo sioni kosa langu lilikuwa wapi, ila kosa la kuficha nalijua.

Siku Mtaliano alipoondoka aliniachia chupa sita, zile za mapipa. Akasema nizilaze mahali pa giza mpaka siku ya harusi yangu. Nilizilaza stoo, nyuma ya magunia ya mchele. Hazikumaliza wiki. Mwenye hoteli alizikuta, akaniita.

"Hizi za nani?"

"Za kwangu, bosi. Nimeachiwa na yule mgeni."

"Mgeni ni wa hoteli. Kitu cha mgeni ni kitu cha hoteli."

Akazichukua na kuzisimamisha juu ya friza, pale ambapo mashine hutoa joto mchana kutwa. Nilizipita kila siku na trei mkononi. Zilikaa hapo hadi siku alipomwoza mwanawe wa kwanza, ndipo akaamuru ziingizwe ndani ya friza. Meza kuu ilipaswa kunywa kitu cha Ulaya.

Sasa, kwetu kuna desturi, na si kwetu tu. Anayekukaribisha kinywaji hukionja kwanza yeye, mbele yako, ili ujue hakina ubaya. Hata kwenye harusi za siku hizi zenye maputo na spika kubwa, wazee huangalia jambo hilo bila kusema. Siku ile mwenye hoteli alisahau kuonja. Alikuwa amesimama anapigwa picha.

Na mimi nikaongeza upumbavu wangu. Mshereheshaji aliniuliza kando, hii waini inaitwaje, nataka kuitangaza. Ningemjibu jina tu, yangeisha. Lakini nilijawa na sifa za mtu anayejua. Nikamweleza kuwa wenyewe husema jina la zabibu hiyo maana yake ni damu ya mungu wa zamani, mungu wa radi. Akaenda kwenye kipaza sauti akicheka.

"Ndugu waalikwa, leo meza kuu inakunywa damu!"

Katika nchi yetu hii, ya madini, hilo si neno la utani. Mtu akipata dhahabu ghafla, watu hujiuliza ameipata kwa damu ya nani. Baba wa bibi harusi alikuwa ameshapiga funda moja, baridi kama barafu, ukakasi mtupu. Akaitua glasi mezani.  Akasema taratibu, "Aonje kwanza mwenye sherehe."

Mwenye hoteli angeweza kunywa. Funda moja tu lingetosha. Badala yake alichukua kipaza sauti, na maneno aliyosema ninayo kichwani hadi leo.

"Mimi hicho kinywaji sikijui. Huyu ni mhudumu tu, amekileta yeye. Anywe yeye."

Nikanywa. Glasi nzima, mbele ya meza kuu, nikiwa sijala tangu asubuhi kwa sababu ya kupanga viti. Wakwe wakasema huenda nimepewa dawa ya kujikinga, ninywe ya chupa nyingine. Nikanywa. Wakasema ya tatu. Mwenye hoteli alikuwa anaitikia kwa kichwa, kila mara, kama mtu anayekubaliana na hoja. Ile ya tatu haikukaa. Nilitapika kwenye shati langu jeupe la kazi, wekundu mtupu, na kwa kuwa neno damu lilikuwa bado masikioni mwa watu, wanawake walipiga kelele wakakimbia na watoto. Wengine hawakukimbia. Walinyanyua simu.

Mtu mmoja tu aliinuka kuja kwangu, mke wa mwenye hoteli. Alivua khanga aliyojitanda juu ya nguo yake ya sherehe, akanifunga nayo, akanipeleka bafuni na kuninawisha uso kwa mkono wake. "Pole, mwanangu," alisema. Kesho yake nilifukuzwa kazi, na khanga nikaondoka nayo.

Video ilifika Tinde kabla yangu. Kanisani wakamwondoa baba kwenye uzee wa kanisa, kwa adabu, kwa barua. Alikuwa ameushika miaka mingi kuliko umri wangu. Hakunipiga wala hakunigombeza. Ila nyumbani mimi ndiye niliyemnawisha mikono kabla ya kula tangu nikiwa sijui kushika birika vizuri, na jioni ile nilipopiga goti mbele yake na birika, aliinuka akaenda kunawa mwenyewe kwenye ndoo. Akaendelea hivyo kila nilipokwenda kumsalimia, miaka minne, mpaka alipofariki. Msibani niliwanawisha watu wote waliokuja, wa kanisa na wasio wa kanisa. Kila mkono niliomwagia maji nilimlaani mwenye hoteli, kimoyomoyo, kwa jina lake kamili.

Nikahamia Geita. Nilifanya kazi baa, nikafanya kazi jikoni kwenye kambi ya wakandarasi, hatimaye nikafungua duka la vinywaji Kalangalala. Nauza bia na soda kama wengine, lakini nyuma, upande usiopigwa na jua, kuna rafu yangu ya chupa zilizolazwa. Kambi zinanijua, wenye hoteli wananijua. Ukitaka mvinyo wa kweli huku kwetu utaelekezwa kwangu. Niliitaka kazi hii kwa ubishi. Kitu kilichonivunjia jina ndicho nilichotaka kinijengee.

Mwaka jana mwenye hoteli akaingia dukani, anaongea na simu. Nilikuwa napanga kreti. Nilimjua kwa sauti kabla sijainua uso.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba, mama. Hujambo?"

Alinitazama usoni na hakunijua. Hapo ndipo damu iliponichemka. Nilikuwa nimejiandaa kwa vitisho, kwa aibu, hata kwa kuombwa radhi kwa uongo. Sikuwa nimejiandaa kwa kusahauliwa. Mtu amekubomolea nyumba, kumbe alikuwa anapita tu.

Akaeleza shida yake. Alikuwa amejenga hoteli nyingine hapa Geita, kubwa kuliko ile ya Kahama, na binti yake wa mwisho anaagwa humo. Mkwe wake, baba wa kijana, ni daktari huko Mwanza, na alisomea Italia.

"Nataka ya hukohuko Italia, nyekundu, ile ya maana. Asije akatuona washamba. Nimesikia kwako ndiko iliko."

"Ipo, mzee. Ipo ya zabibu moja tu, sangiovese, imelala kwenye mapipa miaka." Nilingoja kuona kama lile jina litamgusa. Halikumgusa.

"Na iwe baridi. Joto lote hili!"

"Iwe baridi, mzee? Hii haipendi sana baridi."

"Baridi ya kuganda, mama. Mimi ndiye ninayelipa."

Nilimuuliza mara ya pili, ili Mungu asikie kwamba niliuliza. Akanijibu vilevile.

Nikiri jambo. Stoo nilikuwa na katoni moja iliyopikwa na jua, lori lililoileta lilikwama njiani siku nne chini ya turubai. Mvinyo ule ulikuwa siki kweli. Nilikaa nayo kitako asubuhi nzima, mkono juu ya katoni. Lakini nikafikiri: nikimpa kibovu, atakuwa na la kusema. Atasema nimemuuzia kibovu, na atakuwa sahihi. Sikutaka awe sahihi hata kwa funda moja. Nikatoa rafuni chupa zangu bora kabisa.

Sherehe ilikuwa saa tisa mchana, kwa sababu wakwe walitaka kuwahi barabara ya Mwanza. Nilikwenda mwenyewe, na aproni. Chupa za upande wa wakwe nilizifungua saa sita na kuziacha kwenye kona yenye kivuli zipumue. Chupa ya mwenye sherehe niliiweka kwenye ndoo ya barafu tangu jana yake, na niliifungua mbele yake, dakika ileile. Mvinyo ni mmoja, zabibu ni moja, kizibo kwa kizibo. Nilifanya alivyoagiza. Kwa wakwe nilifanya nilivyofundishwa.

Ulipofika wakati wa kugonganisha glasi, shangazi wa kijana, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya kusikika, alisema kama nilivyojua mtu mmoja atasema.

"Kwa mila zetu, mwenye sherehe hunywa kwanza."

Watu wakapiga makofi. Safari hii hapakuwa na mpiga picha wa kujificha nyuma yake. Mwenye hoteli akainuka, suti ya kijivu, glasi imetoka jasho kwa baridi, akapiga funda kubwa la mtu aliyezoea soda. Niliuona uso wake ukijikunja kuanzia kidevuni. Akairudisha yote kwenye glasi, mbele ya meza kuu, akashika kipaza sauti.

"Hiki ni siki! Aliyeleta kinywaji hiki ni nani?"

Nikasogea mbele, nikapiga goti kidogo. "Ni mimi, mzee. Shikamoo."

Kabla hajaitikia, daktari alikuwa ameinua glasi yake. Alinusa kwanza. Akapiga funda, akafumba macho, akakaa nalo. Alipofumbua alikuwa anacheka kama mtu aliyekutana na rafiki wa ujana.

"Mkwe," alisema, na hakuhitaji kipaza sauti, "hii si siki. Sangiovese kama hii sijainywa tangu nilipokuwa mwanafunzi. Hata wenyewe huinywa siku kubwa tu."

Mtu akacheka meza za nyuma, kisha meza nzima. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mwenye hoteli naye akajaribu kucheka, akasema alikuwa anatania. Lakini shangazi hakuwa mtu wa utani.

"Ametema," alisema. "Mwenye nyumba ametema kinywaji chake mwenyewe. Sisi tutanywaje?" Wa upande wao wote walioshika glasi wakazitua mezani. Wawili wakaanza kutafuta mikoba yao.

Mwenye hoteli akanisogelea, jasho linamtoka, akaninong'oneza kwa sauti niliyoingoja miaka kumi na miwili. "Mama, nisaidie. Sema chupa yangu ilikuwa mbovu. Sema umekosea wewe."

Akanitia kipaza sauti mkononi. 

"Mimi ni mhudumu tu," nilisema, na ukumbi wote ukasikia. "Kinywaji hiki ni cha mwenye sherehe, amekiagiza yeye, na baridi ameiagiza yeye. Anywe yeye."

Nilimwangalia mpaka nikaona imemfikia.  Alinitazama usoni, na kwa mara ya kwanza akanijua. Utamu wa dakika ile sitaukana mbele ya mchungaji wala mbele ya kaburi la baba. Alinyanyua glasi hadi midomoni, akashindwa kunywa hata tone. Mtu mzima na hoteli zake mbili, ameshindwa na funda moja la mvinyo.

Kisha macho yangu yakamwangukia binti yake. Alikuwa amekaa kwenye kiti kile chenye maua, poda inamtiririka na machozi, na mchumba wake anatazama chini. Huyo sikuwa nimemfikiria. Katika mipango yangu yote, siku zote hizo, yule binti hakuwemo.

Aliyeinuka alikuwa mama yake. Amenenepa kidogo, mvi zimemjaa. Alimpokonya mumewe ile glasi, ileile aliyotema, akageuka kwa wakwe, akainywa yote. Mama asiyejua pombe. Aliinywa polepole, macho kwa shangazi, mpaka tone la mwisho, akaigeuza juu chini ili waone.

"Inakausha mdomo," alisema, "lakini ni nzuri. Karibuni wakwe zetu."

Shangazi akapiga kigelegele. Glasi zikainuliwa, muziki ukafunguliwa, na daktari akaomba chupa nyingine. Binti akaagwa vizuri kabisa. Mwenye hoteli alikaa kwenye kiti chake hadi mwisho, na hakuna aliyempelekea kipaza sauti tena.

Nilimkuta yule mama jikoni akinywa maji. Nilimwamkia. Kisha nikaanza kuomba radhi kwa ajili ya binti, maneno yakinigongana, naye akaniinulia mkono.

"Unadhani ni nani aliyemwelekeza dukani kwako?" aliuliza.

Niliyaacha maneno ya radhi, nikamsogelea.

"Nimekupita pale Kalangalala mara nyingi. Nilikujua siku ya kwanza. Yeye alitaka kuagiza Dar, nikamwambia kuna mama mmoja hapa hapa, nenda kwake. Binti yangu nilijua nitamwokoa mimi. Huyo baba yake nilitaka nione atafanyaje."

Aliisema hivyo, kwa sauti ya mtu anayepanga chakula. Nilisimama pale na aproni yangu, kisasi changu chote nilichokilea kama mwana kikiwa kimegeuka kuwa kijiti alichookota mtu mwingine kuchokolea moto wake. Nikakumbuka ile khanga. Nilikuwa nimekuja nayo siku ile, nimeifua na kuipiga pasi, nikikusudia nikimaliza na mumewe nimrudishie, iwe ndiyo mwisho. Nikaitoa kwenye mfuko na kumpa kwa mikono miwili.

Aliitambua. Aliipapasa pindo, pale ambapo doa halikutoka kamwe, kisha akaikunja na kunirudishia kifuani.

"Kaa nayo, mwanangu," alisema. "Wewe umemaliza. Mimi narudi naye nyumbani."